Panda, shuka: mchezo wa nambari uliotufikisha London

Ndege ilikuwa bado haijamaliza kupanda mwanangu alipoanza kulalamika. Skrini ya kiti chake haiwaki. Akabonyeza, akagonga, akamwita mhudumu. Mhudumu akaja, akaizima akaiwasha, akaomba radhi, akaenda zake. Ndege imejaa, kiti kingine hakuna. Tableti nayo aliichezea usiku kucha, ilikuwa na chaji asilimia 9. Na safari ndo kwanza inaanza: Maskati mpaka London, saa nane hewani.

Shirika la ndege sina haja ya kulitaja. Siku ile nilikasirika, leo nawashukuru.

Tulikaa watatu. Mwanangu dirishani, mimi upande wa njia, na katikati yetu mamangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi. Mkononi ana tasbihi, macho kayafumba. Bibi hapendi ndege, lakini siku ile hofu yake haikuwa ya ndege. Siku tatu kabla ilikuja simu kutoka London: dada yake mkubwa kapata kiharusi, yuko hospitali, na maneno yanamtoka kwa taabu. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mbili. Tangu tutoke nyumbani Bibi hakuwa amesema maneno kumi.

Mwanangu naye ana miaka kumi. Anazungumza Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha mitandaoni. Kiswahili anakisikia, lakini ukimtaka akijibu anageuka bubu. Kila asubuhi kwa bibi yake ni "Shikamoo Bibi," "Marahaba mjukuu wangu," basi, kila mtu na njia yake. Najua si kwangu tu. Nyumba ngapi za kwetu hapa Ghuba bibi na mjukuu wanaishi chini ya dari moja na hawana la kuzungumza?

Moja mpaka mia

Mchezo niliuanza mimi, tena kwa kukata tamaa. Nikamwambia, "Nimefikiria nambari, moja mpaka mia. Ikisie. Mimi nitakwambia kama iko juu au chini."

Akasema 17. Juu. Akasema 90. Chini. Akasema 41. Juu. Akasema 23. Nikamwambia, mwanangu, si nishakwambia iko juu ya 41? Akanuna. Akaendelea kurusha nambari huku na huku kama mtu anayerusha mawe gizani. Alifika kisio la 14 ndipo akaipata, na hapo tena kwa bahati. Akaniambia, "Si nilikwambia? Mimi hesabu siziwezi."

Neno lile lilinichoma. Alama yake ya hesabu muhula uliopita sitoitaja hapa, kwa kumsitiri, lakini ililetea kelele nyumbani, na kelele zile zilimwingia mtoto akaamini kuwa yeye ni mjinga. Kazi ya skuli ikawa kila jioni inaisha kwa machozi.

Bibi akafumbua macho. "Mnacheza nini?"

Nikamweleza. Akaweka tasbihi mapajani. "Haya, yeye afikirie, mimi nikisie. Lakini aiandike, asije akanibadilishia."

Mtoto akachukua mfuko wa karatasi wa kutapikia, akaandika nyuma yake, akauficha chini ya paja.

"Hamsini," Bibi akasema.

"Juu."

"Usiseme juu. Sema panda. Sisi tulikuwa tukisema panda na shuka."

"Panda."

"Sabini na tano."

"Panda."

"Themanini na nane."

"Shuka."

"Themanini na moja."

"Panda."

"Themanini na nne."

"Shuka."

"Themanini na mbili."

"Panda."

"Basi ni themanini na tatu. Hana tena pa kujificha."

Mtoto akautoa mfuko. Imeandikwa 83. Akanitazama mimi. "Bibi ameona!"

"Kwa macho gani?" Bibi akasema. "Haya yenye mtoto wa jicho?"

Wakarudia. Safari hii mwanangu akafanya ujanja, akachukua 100 yenyewe, akidhani Bibi hatofika ukingoni. Bibi akaanza hamsini, kisha sabini na tano, themanini na nane, tisini na nne, tisini na saba, tisini na tisa, na kisio la saba, mia. Mara ya tatu mtoto akachukua 1. Hiyo Bibi aliipata kwa makisio sita.

Kwa nini saba

Siri yenyewe ni nyepesi, na ndiyo uzuri wake. Bibi hakisii nambari. Anakata.

Mwanzoni nambari ziko 100. Akisema 50 na akaambiwa panda, zote za chini zimekufa, zimebaki 50 tu, kuanzia 51 mpaka 100. Akisema 75 na akaambiwa panda, zimebaki 25. Akisema 88 na akaambiwa shuka, zimebaki 12. Halafu 6, halafu 2, halafu moja. Kila swali linaua karibu nusu ya zilizobaki. Mtu anayekisia 17 mwanzoni anajipa nafasi kubwa ya kuua nambari 17 tu. Anayekisia 50 ana hakika ya kuua 50, jibu liwe lolote.

Kwa njia hii nambari yoyote ya 1 mpaka 100 inakamatika kwa makisio yasiyozidi 7. Sasa sikilizeni lililomshangaza mwanangu. Ukifanya 1 mpaka 1,000 utadhani utahitaji makisio mara kumi, yaani 70. Hapana. Yanatosha 10. Na 1 mpaka milioni? Makisio 20. Kila ukiongeza kisio moja, uwanja unaoweza kuukagua unakuwa mkubwa mara mbili.

Hii ndiyo njia ambayo kompyuta hutafutia kitu kwenye orodha iliyokwisha kupangwa. Haisomi jina moja moja tangu mwanzo. Inaanza katikati, inauliza mbele au nyuma, inatupa nusu, inaendelea. Wanafunzi wa kompyuta wanafundishwa jambo hili mwaka wa kwanza chuoni. Bibi, aliyeishia darasa la sita, nikamuuliza kalijulia wapi.

Daftari la Wete

Akasema, "Dukani kwa babangu."

Nilikuwa najua kwamba babu alikuwa na duka Wete, Pemba. Sikujua habari za daftari. Wateja wengi walikuwa wakulima wa karafuu, wakikopa mchele, sukari na mafuta ya taa mpaka msimu ufike, ndipo walipe. Kila mtu ana nambari yake na ukurasa wake kwenye daftari moja nene, na nambari za kurasa zimeandikwa pembeni kwa wino. Mzee akisimama na mteja kaunta anapiga ukelele, "Themanini na tatu!" na kazi ya watoto wawili wa kike ni kufungua ukurasa upesi kabla mteja hajachoka kungoja.

"Mimi nilikuwa nafungua tangu mwanzo, karatasi moja moja," Bibi akasema. "Mzee ananigombeza. Dada ndiye aliyenionyesha. Akaniambia, mjinga wewe, fungua katikati. Ukiona nambari ndogo, panda. Ukiona kubwa, shuka. Halafu ukawa mchezo wetu wa usiku, taa ikishazimwa. Yeye anafikiria, mimi nakisia, tunanong'ona mama asisikie."

Kisha mwaka 1964 familia ikatawanyika. Dada aliolewa, akaishia Uingereza. Bibi alikuja Oman miaka ya 1970, kama wengi wa kwetu waliporudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Daftari sijui liliishia wapi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuisikia habari ile, na nimeipata juu ya Saudia kwa sababu skrini ya kiti imeharibika.

Kiarabu ndani ya Kiswahili

Tatizo likawa lugha. Mwanangu alitaka kulipiza, akisie yeye, lakini Bibi akaweka sharti: nambari zisemwe kwa Kiswahili.

Mtoto akasema hazijui. Bibi akamwambia, "Unazijua, ila hujui kuwa unazijua. Sita kwa Kiarabu mnasemaje?"

"Sitta."

"Saba?"

"Sab'a."

"Tisa?"

"Tis'a." Hapo akaanza kucheka.

Wakaenda hivyo hivyo: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia, elfu. Zote hizo Kiswahili kilizipokea kutoka Kiarabu, na mtoto anayesoma skuli ya Oman anazo tayari mdomoni. Zilizobaki ni moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi, ambazo ni za Kibantu, zina ndugu zao katika lugha nyingi za bara. Ni saba tu. Kwa mtoto aliyekuwa akisema Kiswahili kigumu, kazi ya kujifunza kuhesabu mpaka elfu ikawa ni kukariri maneno saba.

Kosa moja lilimganda. Kiarabu kinatanguliza mamoja: 83 ni tatu na themanini. Basi kila mara akawa anasema "tano na sabini," "nane na thamanini," na Bibi anamwambia, "Geuza, geuza, hiyo ya babako." Tulipokuwa juu ya Uturuki hivi, alikuwa hageuzi tena.

Na alikuwa anakata nusu. Raundi yake ya kwanza alimaliza kwa saba, ya pili kwa tano. Alipoulizwa nusu baina ya 51 na 74 alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akasema "sitini na mbili." Ndiyo hesabu ile ile iliyokuwa ikimliza nyumbani. Mimi nikanyamaza, nikijua nikimwambia hiyo ni hesabu ataiacha.

Kufika kabla ya kuondoka

Katikati ya safari mtoto akauliza tutafika saa ngapi. Bibi akajibu, "Saa moja, inshaallah."

Mwanangu akatazama saa yake. Tumeondoka saa mbili mchana kwa saa yake yeye, anayoisoma kwa Kiingereza. "Bibi, tutafika kabla hatujaondoka?"

Abiria wa kiti cha mbele akageuka akicheka. Naye kumbe ni mtu wa kwetu.

Likawa fumbo jipya. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo ile anayoiita saba asubuhi, Bibi anaiita saa moja. Unatoa sita, au unaongeza sita, ukapata. Tuliondoka saa nane mchana kwa Kiswahili. Ongeza saa nane za safari, inakuwa saa nne usiku Maskati. Lakini ilikuwa kiangazi, na London wakati wa kiangazi iko nyuma ya Maskati kwa saa tatu. Saa nne toa tatu, ni saa moja usiku. Bibi alikuwa sahihi. Mtoto aliipiga hesabu ile mara mbili kwenye mfuko wa kutapikia kabla ya kukubali.

Kikapu cha maembe

Baada ya chakula ikawa zamu yangu. Nikamwambia mwanangu: fikiria nambari yoyote, usinambie. Izidishe mara mbili. Ongeza kumi. Gawa kwa mbili. Sasa toa ile nambari yako ya mwanzo. Umebaki na tano.

Akajaribu na 7, tano. Akajaribu na 36, tano. Akajaribu na 1,000, tano. Akataka kujua uchawi uko wapi.

Nilitaka kumwandikia herufi kama wanavyofanya skuli, Bibi akanizuia. Akamwambia, "Chukua kikapu cha maembe. Humo ndani mangapi hujui, mimi sijui. Ukizidisha mara mbili una nini?"

"Vikapu viwili."

"Ongeza maembe kumi pembeni. Wagawie watu wawili. Kila mmoja kapata nini?"

"Kikapu kimoja na maembe matano."

"Haya, nirudishie kikapu changu."

Mtoto akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hivyo ningesema ongeza kumi na nne, ingebaki saba!" Akaenda kumfanyia mhudumu wa ndege, ambaye alikuja baadaye na vipande viwili vya chokoleti.

Kikapu kile ndicho kinachoitwa al-jabr. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake juu ya elimu hii Baghdad katika karne ya 9, na kutokana na jina la kitabu kile Wazungu wakapata neno lao la algebra. Kutokana na jina lake mwenyewe likatoka neno algorithm, linalotajwa kila siku watu wanapozungumza habari za kompyuta. Wataalamu wa Kiarabu wa zama zile kile wasichokijua walikiita shay', yaani kitu. Bibi anakiita kikapu.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa 1089. Andika nambari ya tarakimu tatu, ya kwanza na ya mwisho zisilingane. Igeuze, toa ndogo kutoka kubwa. Jibu nalo ligeuze, kisha ujumlishe. Mfano 732: ukigeuza ni 237, ukitoa inabaki 495, ukiigeuza ni 594, ukijumlisha zote mbili unapata 1089. Siku zote ni 1089. Mwanangu akachukua 544 kunijaribu, akapata 99, akageuza 99, akajumlisha 198, akapiga kelele kwamba nimekosea. Nikamwambia tarakimu ni tatu, andika 099. Ukigeuza inakuwa 990. Jumlisha. Akajumlisha, akatikisa kichwa kama mzee wa barazani.

Mkitaka kujaribu

Kwa nyinyi mnaofunga mizigo likizo hii, ya Unguja, London au kwengineko, nina machache ya kusema.

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita anzeni na 1 mpaka 20. Makisio 5 yanatosha. Mkubwa mpeni 1 mpaka 1,000. Nambari iandikwe kwanza, tena ifichwe, kwani watoto wanabadilisha, na watu wazima pia. Msimwambie siri ya kukata nusu. Acheni apotee kwanza, aone mwenyewe mwengine anavyoshinda. Na kama mna mzee safarini, mchezo uwe kwa lugha yake, na sheria aziweke yeye. Mzee asiyeweza kusoma skrini wala kusikiliza filamu anaweza kucheza huu kutwa nzima, na akawashinda.

Kalamu moja na mfuko wa kutapikia vinatosha.

Hamsini

Hospitali tulikwenda asubuhi ya pili yake. Nilikuwa nimemwandaa mtoto: Bibi wa London mgonjwa, hawezi kusema sana, usiogope. Nadhani niliyemwandaa hasa ni mimi.

Mama mkubwa alikuwa kalazwa upande, mdomo umevutwa kidogo. Alipomwona mdogo wake machozi yalimtoka, naye Bibi akamshika mkono wasiseme kitu, wote wawili, muda mrefu. Binti yake akatwambia tangu juzi ni "ndiyo" na "la," tena kwa shida. Tukakaa. Hakuna aliyejua la kusema.

Mwanangu ndiye aliyesogea kitandani. Kwa Kiswahili chake kilichovunjika akasema, "Shikamoo Bibi. Mimi nafikiria nambari. Moja mpaka mia."

Mama mkubwa akamtazama. Kisha akamtazama mdogo wake. Midomo ikatikisika, ikakataa, ikarudi tena.

"Ham...sini," akasema.

Bibi akainama akaficha uso kwenye shuka la kitanda. Mtoto hakuona hayo, alikuwa anangojea zamu yake.

"Panda," akasema.

Walifika kisio la nne siku ile, mama mkubwa akachoka akalala. Nambari hatukuijua mpaka siku ya pili, walipomaliza.